Chema Chajiuza, Lakini kwa Nani?

Sisi watu wa Mombasa tumelelewa na methali isemayo kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi niliisikia kwa nyanya yangu tangu sijajua kufunga kikoi, na hadi leo ukipita barazani Kibokoni jioni, wazee wakinywa kahawa tungu, utaisikia ikitajwa kana kwamba ni hukumu ya kadhi isiyo na rufaa. Kwa samaki wa Marikiti methali hiyo ni kweli. Changu aliyevuliwa alfajiri hahitaji mpigadebe. Kwa mchumba pia yaweza kuwa kweli. Lakini je, ni kweli kwa kijana anayeomba ufadhili wa kusoma chuo kikuu? Hapo ndipo nilipo na shaka, na shaka hiyo ndiyo iliyonishikisha kalamu leo.

Mwezi uliopita, baada ya sala ya Isha, mpwa wangu alinijia nyumbani Mji wa Kale. Ni binti wa dada yangu, na katika mtihani wa KCSE alipata alama ya A-. Alikuwa na simu mkononi, na ndani ya simu mna fomu ya ufadhili wa masomo wa chuo kikuu kimoja cha ng'ambo. Jina lake, tarehe ya kuzaliwa, skuli aliyosoma, matokeo ya mitihani, yote alikwisha kuyajaza. Palipobaki wazi ni pahala pamoja tu, penye swali fupi: Wewe ni nani, na kwa nini tukuchague wewe? Majibu yasizidi maneno mia tano.

Nikamwuliza ameandika nini. Akanisomea: "Mimi ni mwanafunzi mwenye bidii. Naomba mnisaidie kwa kuwa wazazi wangu hawana uwezo." Basi. Maneno mia tano yametolewa, naye ametumia kumi na matatu.

"Mwanangu," nikamwambia, "hapa hujasema kitu."

Akainamisha kichwa, akanijibu kwa sauti ndogo, "Kwani nitajisifu vipi, mjomba? Si haya hiyo?"

Ndugu msomaji, jibu hilo lilinichoma. Halikunichoma kwa kuwa ni jibu la ujinga, hasha! Lilinichoma kwa sababu ni sisi tuliomfunza. Ni mimi niliyemkemea alipokuwa mdogo akijigamba mbele ya wageni kuwa amehifadhi Juzuu Amma. Ni mamake aliyemwambia kuwa msichana mzuri hajisemi, husemwa. Tumemlea vyema, kisha tumempeleka mbele ya mlango usiofunguka ila kwa mtu kujisema.

Kwanza inafaa tuelewane juu ya jambo lenyewe, kwa maana nimeona wazazi wengi wakichanganya misaada ya masomo yote katika chungu kimoja. Iko misaada itolewayo kwa kuangalia shida. Basari za kaunti na za maeneo bunge ni za namna hiyo, na mpango wa serikali uliotangazwa mwaka 2023, wa kuwagawa wanafunzi wa vyuo vikuu katika makundi kulingana na hali za jamaa zao, ulikuwa wa namna hiyo pia, ukafika hadi mahakamani. Iko mikopo ya bodi ya HELB, iliyoundwa mwaka 1995, ambayo imekuwa ikitoza riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Wako vijana wetu ambao neno hilo riba peke yake limewafanya warudishe fomu bila kuijaza.

Kisha iko namna ya tatu, nayo ni ufadhili wa kushindania, unaotolewa kwa kuangalia stahili. Huu haukuulizi shida yako peke yake. Wakuulizia wewe mwenyewe. Cecil Rhodes, yule mkoloni aliyefariki mwaka 1902, aliacha wasia wa kusomesha vijana Oxford, na katika wasia huo alitaka watazamwe si kwa masomo tu bali pia kwa ukweli wao, ushujaa wao na uwezo wao wa kuongoza wenzao. Hatumpendi Rhodes, na tuna haki ya kutompenda, lakini mizani yake imeigwa duniani kote. Ufadhili wa Chevening wa serikali ya Uingereza, ulioanza mwaka 1983 kwa wanaotaka shahada ya pili, umekuwa ukimtaka mwombaji aandike insha kueleza aliongoza nini, anashirikiana vipi na watu, kwa nini amechagua masomo yale, na atayafanyia nini. Vyuo vinavyosomesha vijana wa Afrika chini ya mpango wa Mastercard Foundation, ulioanza mwaka 2012, navyo hutazama uongozi na utumishi kwa jamii pamoja na alama.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Ikiwa nafasi ni kumi na waombaji wenye alama ya A ni mia tano, alama ya A haimtengi mtu na mwenziwe. Ni kama kwenda mashindano ya ngalawa ukajisifu kwamba chombo chako kina tanga. Kila chombo kina tanga! Wanaochagua wamekaa mbali, hawamjui nyanyako wala mtaa wako, hawajawahi kusikia kuwa nyie ni watu wa heshima. Hawana ila karatasi. Basi hapo chema kitajiuza vipi, nacho kimefungwa ndani ya kapu, na kapu limefunikwa kawa, na kawa limefunikwa kanga?

Najua atakuwako atakayenijibu kwamba dini yetu inakataza kujikweza, na kwamba mimi niliyekaa chuoni kwa maalim (nasema chuo cha Kurani, si hicho kikuu) ningepaswa kulijua hilo kabla ya wengine. Naam, nalijua. Kibri ni ugonjwa, na ria ni ugonjwa mkubwa zaidi. Lakini maalim huyo huyo aliyetufunza kuogopa kibri ndiye aliyetusomesha kisa cha Nabii Yusuf, amani iwe juu yake. Yusuf alipotolewa gerezani akasimamishwa mbele ya mfalme wa Misri, hakuinamisha kichwa akasema yeye si kitu. Alimwomba mfalme amweke juu ya hazina za nchi, akataja na sababu mbili: kwamba yeye ni mwenye kuhifadhi, na ni mwenye ujuzi. Alitaja kazi anayoiweza, akataja sifa zinazoihusu kazi hiyo, akanyamaza. Hakuutaja uzuri wake, ambao Misri nzima ilikuwa ikiuzungumza. Hakuutaja ukoo wake, naye ni mtume mwana wa mtume. Wala hakusimulia taabu za kisimani na gerezani ili ahurumiwe.

Haya, kuna fomu gani ya ufadhili itakayojazwa vizuri kuliko hivyo?

Na katika Sura ya Dhuha Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, aliamrishwa kuizungumza neema ya Mola wake. Kujisifu ni kusema mimi ni bora kuliko wenzangu. Kuizungumza neema ni kusema nimejaaliwa hiki, nimekifanyia hivi, na nikipewa njia nitakifanyia vile. La kwanza ni kibri. La pili ni ushahidi, na mwenye kuficha ushahidi ana dhambi yake.

Tuache visa vya mitume tuje kwa watu wetu wa karibu. Ukitoka Ngomeni ukatembea hatua chache, utayafikia makaburi ya Mazrui. Hapo ndipo alipozikwa Profesa Ali Mazrui, aliyefariki Marekani Oktoba 2014 akarudishwa kulala kwao. Dunia inamjua kwa mihadhara yake ya Reith ya BBC ya mwaka 1979, na kwa filamu zake za mwaka 1986 juu ya Waafrika na urathi wao wa namna tatu. Wengi hatujui, au tumesahau, kwamba kijana huyo wa Mombasa, aliyezaliwa mwaka 1933, alipofanya mtihani wa Cambridge wa kumaliza skuli alipata daraja la tatu, na Makerere haikumchukua. Kwa karatasi, kijana alikuwa amekwisha. Akaenda kufanya kazi ya karani katika Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, ile tuliyozoea kuiita MIOME.

Ikawa siku moja pana sherehe ya Maulidi, na karani yule akapewa nafasi ya kuhutubia. Miongoni mwa waliokaa kusikiliza alikuwa gavana wa Kenya, Sir Philip Mitchell, aliyeacha ugavana mwaka 1952. Gavana alishangaa, akataka kujua kijana huyu ni nani, na mambo yakaanzia hapo. Mwaka 1955 Ali Mazrui alikwenda Uingereza kwa ufadhili, akamalizia masomo ya sekondari Huddersfield, akapata shahada Manchester mwaka 1960, ya pili Columbia mwaka 1961, na udaktari Oxford mwaka 1966. Kisa hicho alikuwa akikihadithia mwenyewe bila ya kuona haya juu ya lile daraja la tatu.

Watu wakisikia kisa hiki husema, "Bahati hiyo!" Mimi sikatai kuwa bahati ilikuwako. Lakini tazama vizuri, ndugu msomaji. Gavana hakusoma akili ya kijana usoni. Aliisikia mdomoni mwake. Na kijana hakupanda jukwaani kwa kujipachika. Palikuwa na wazee wa Kiislamu waliosema huyu naye apewe nafasi aseme. Alikuwa na la kusema, na alikuwa na pa kulisemea. Kama mojawapo ya hayo mawili lingekosekana, tungekuwa na karani mstaafu mwema mtaani, na dunia isingepata habari.

Na mimi nina kisa changu, ingawa si cha fahari. Mwaka 1990 nilikuwa kijana wa mkono mtupu na matokeo mazuri, nikapata fomu ya ufadhili wa kusoma nje. Fomu ilitaka barua ya mtu anijuaye. Marehemu babangu, Mungu amrehemu, aliona barua ya mwalimu wa skuli ni kitu kidogo. Akanipeleka kwa mkubwa mmoja ambaye jina lake lilikuwa likitajwa sana siku hizo, nami sitalitaja. Tukaambiwa njooni kesho. Tukaenda kesho, tukaambiwa ana wageni. Tukaenda wiki ya pili, tukaambiwa amesafiri. Karibu mwezi mzima nilivaa kanzu ile ile iliyopigwa pasi nikaketi kwenye kibao cha mlangoni. Barua ilipotoka ilikuwa na mistari minne, jina langu limekosewa, na siku ya mwisho ya kupeleka fomu ilikwisha kupita kwa siku sita.

Baadaye nilikutana na mwalimu wangu wa Kiingereza njiani Makadara. Nilipomweleza alisimama akanitazama. "Miaka minne nimesahihisha insha zako," akasema. "Mbona hukunijia mimi?" Sikuwa na jibu. Hata leo sina. Nilimwonea haya, kwa kuwa nilidhani kumwomba mtu akusifie ni kuomba sadaka.

Ndiyo maana mpwa wangu aliponiambia kuwa mamake anatafuta njia ya kumfikia mheshimiwa fulani ili aandike barua, niliruka kama niliyekanyaga kaa la moto. Nikawaita wote wawili, dada na bintiye, nikawauliza: hivi nyie hamkusoma habari za hadithi? Wanazuoni wa hadithi hawakupokea neno kwa ukubwa wa jina la anayelisema. Waliuliza: amelisikia kwa nani? Imamu Bukhari alishurutisha ithibitike kwamba mpokezi alikutana kweli na yule anayepokea kwake. Hadithi ambayo silsila yake imekatika hudhoofika, hata kama maneno yake ni matamu. Sasa mheshimiwa huyo alikutana lini na binti huyu? Barua yake ni silsila iliyokatika. Lakini mwalimu wa hesabu aliyemwona akikesha juu ya swali moja, na maalim wa madrasa aliyemwachia darasa la watoto wadogo tangu ana miaka kumi na minne, hao ndio wapokezi madhubuti. Anayesoma barua huko ng'ambo hajui hadithi, lakini anajua kutofautisha shahidi aliyeona na shahidi aliyetumwa.

Dada yangu akacheka, akasema, "Haya kaka, umeshinda." Mheshimiwa akaachwa apumzike.

Usidhani mambo yaliisha hapo. Siku ya tatu mpwa wangu alirudi na insha nyingine, ndefu, ya Kiingereza kinachong'aa kama sinia la shaba siku ya harusi. Nikaisoma. Ilisema kwamba alizaliwa katika kijiji cha mbali, akitembea maili nyingi pekupeku kwenda skuli, akisoma kwa mwanga wa koroboi huku tumbo likinguruma. Nikamwuliza, "Mwanangu, kijiji gani hicho? Wewe si mtoto wa hapa Kibokoni? Skuli si hiyo unayokwenda kwa miguu dakika kumi, na viatu umevaa?" Kumbe ameiandikiwa na akili mnemba, ile mashine ya simuni inayotunga maneno. Aliiambia kuwa yeye ni msichana wa Afrika anayeomba ufadhili, ikamtungia Afrika yake.

Nakiri kwamba niliudhika. Si kwa mashine, kwani mashine haina haya wala dini. Niliudhishwa na mambo mawili. La kwanza, huo ni uwongo, na elimu inayoanza kwa uwongo haina baraka. La pili ni lile soko la njaa lililozuka, ambapo vijana wetu wanafunzwa kuwa wazungu hawatoi mpaka walizwe. Mtoto aliyeona haya kusema kweli ya wema wake hakuona haya kusema uwongo wa dhiki yake. Tumefika hapo! Ufukara wa kweli usemwe, haufichwi, maana fomu ina pahala pake pa kutaja mapato ya wazazi, na hapo uandike shilingi kama zilivyo. Lakini shida si sifa. Wanaoishi katika shida ni wengi, na mwenye kuchagua anataka kujua wewe uliifanya nini hiyo shida.

Nikamwambia weka simu chini, nihadithie siku yako. Akanihadithia. Mamake huamka kabla ya alfajiri kukaanga mahamri na kupika mbaazi za kuuza mlangoni. Binti huamka naye. Kazi yake ni daftari la deni: nani amechukua mahamri mangapi, nani amelipa, nani amesema atalipa mwisho wa mwezi. Mwaka juzi aliona kuwa mauzo ni mengi lakini pesa haionekani. Akarudi nyuma katika daftari miezi minane, akapanga hesabu ya unga, sukari, mafuta, nazi na mkaa kwa kila siku, akagundua mambo mawili. Siku za Ijumaa walikuwa wakipika kupita kiasi na kutupa. Na bei ya mafuta ilipanda mara tatu bila ya wao kubadili chochote katika upishi wala katika bei yao. Wakapunguza Ijumaa, wakaongeza shilingi moja. Tangu hapo karo ya mdogo wake haijachelewa.

"Na wewe unataka kusomea nini?" nikamwuliza.

"Takwimu na uchumi, mjomba."

Nikanyamaza kidogo. Nilikumbuka maneno ya Yusuf juu ya kuhifadhi na kujua, nikaona kuwa mtoto huyu anayo yote mawili ndani ya daftari lenye madoa ya mafuta, naye ameandika kuwa ni "mwanafunzi mwenye bidii". Nikamwambia, "Andika hayo uliyonihadithia, kama ulivyonihadithia, usiongeze hata nazi moja." Akaandika. Akaanzia kwenye daftari, akamalizia kwenye masomo anayoyataka. Maneno yalikuwa mia nne na themanini, na hakuna hata pamoja aliposema kuwa yeye ni bora kuliko mtu. Mimi nilimsahihisha nukta na mikato tu.

Yako na mengine madogo yanayoangusha vijana wetu, nami nitayataja kwa kuwa madogo ndiyo yanayosahauliwa. Majina yetu kwanza. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamed, cha mtihani kinasema Muhammad, kitambulisho cha baba kina majina matatu na cha mtoto kina mawili. Kwetu ni mtu mmoja, lakini kwa karani wa mbali hao ni watu watatu. Hayo yarekebishwe mtoto akiwa kidato cha kwanza, si wiki moja kabla ya fomu kufungwa. Pili ni mahojiano. Kijana wetu akiulizwa na mkubwa hutazama chini, na kwetu hiyo ni adabu, lakini kwa yule anayemhoji ni dalili kwamba hana hakika na asemalo. Afunzwe kuwa kumtazama mtu usoni unapomjibu si utovu wa adabu ikiwa ulimi una adabu. Tatu ni ruhusa ya nyumbani, hasa kwa wasichana. Wazazi wazungumze kabla fomu haijajazwa: aende wapi, akae na nani, na kama si ng'ambo basi chuo gani cha hapa Kenya au jirani. Kumwacha mtoto ashindane, ashinde, kisha ndipo baba aseme hapana, ni kumvunja moyo yeye na kumnyima nafasi mwenziwe aliyeshindwa.

Sasa tufanye nini? Sisemi tukusanye mamilioni, ingawa Mwenyezi Mungu akitujaalia tukusanye. Wazee wetu waliwahi kufanya makubwa. MIOME yenyewe ilisimamishwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa michango, wakiwamo Sultani wa Unguja, Aga Khan na jamii ya Mabohora, na leo pahala pale ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kilichopata hadhi hiyo mwaka 2013. Na Benki ya Maendeleo ya Kiislamu ya Jeddah imekuwa na mpango tangu miaka ya 1980 wa kusomesha Waislamu wa nchi zisizo wanachama, na Kenya si mwanachama. Kwa mwanafunzi msaada ule ni karadha njema isiyo na riba, akimaliza airejeshe kwa jamii yake ili asome mwingine. Msingi huo ni mzuri, na wanaoogopa riba wangefaa kuufikiria hata kwa kiwango kidogo, mtaa kwa mtaa.

Ninaloomba mimi ni rahisi zaidi, na halina gharama. Mwaka mzima tunawapandisha watoto wetu jukwaani. Wanasoma Kurani kwa sauti nzuri ajabu, wanaimba kasida, wanaghani mashairi ya wahenga. Yote ni mema, na mimi mtunzi sitakuwa wa mwisho kuyatetea. Lakini yote ni maneno ya wengine. Ni mara ngapi tunamsimamisha kijana wa miaka kumi na saba tukamwambia: sasa sema lako, dakika kumi, tunasikiliza? Tuanze kwenye Maulidi, tuanze kwenye sherehe za kufunga madrasa. Apewe nafasi kijana mmoja wa kiume na mmoja wa kike, waeleze kitu walichokifanya na walichojifunza. Hatakuwako gavana wa kuwasikiliza, na hatumhitaji. Watakuwako walimu wao, ambao siku moja wataandika barua, na wataandika wakijua wanamwandikia nani. Na siku fomu itakapouliza wewe ni nani, kijana hatakuwa anaulizwa kwa mara ya kwanza maishani.

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, baba yake Profesa, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alianzisha gazeti la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, akawahimiza Waislamu wa pwani wasome elimu ya dini na ya dunia. Alifariki mwaka 1947, kabla mwanawe hajapanda jukwaa lile la Maulidi. Naamini kama angekuwako angemwonya dhidi ya kibri, kisha angekaa mbele kabisa kumsikiliza.

Fomu ya mpwa wangu tuliipeleka siku tatu kabla ya kufungwa, pamoja na barua ya mwalimu wa hesabu na ya maalim. Majibu bado. Huenda akapata, huenda akakosa, kwani mashindano ni mashindano na riziki ni ya Mungu. Lakini akikosa, atakuwa amekosa yeye mwenyewe, kwa jina lake na daftari lake, wala si yule binti wa mashine wa kijiji kisichokuwako. Na mwakani ataomba tena, inshallah, akiwa anajua la kusema.

Nami namalizia kwa ubeti, kwa kuwa mazoea yana tabu:

Mwanangu akiulizwa, asijifiche pembeni,
Alilopewa kufunzwa, alitamke yakini,
Uwongo usije uzwa, kwa sura ya mitihani,
Na sisi tuloagizwa, tusimame hadharani.